Kompyuta ya nyumbani inarudi kuwa nzito kila baada ya miezi mitatu, nifanyeje zaidi ya kupiga Windows upya?

mama_kivule
Jumamosi, saa 3 asubuhi

Wakuu habari za asubuhi, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana hapa nimekwama kabisa.

Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani Kivule, ya mtumba, tulichukua Kariakoo mwaka 2022, ni Core i5 kizazi cha 4, RAM GB 4, hadi diski ya GB 500, Windows 10. Tunaitumia watu watatu, mimi naandikia hesabu za kikoba chetu, mkubwa wangu yuko kidato cha tatu anasomea na kupakua mitihani ya miaka ya nyuma, na mdogo wake anacheza gemu wikiendi. Ilipokuja ilikuwa nyepesi mpaka raha, saiv ukiiwasha unabandika chai, inachemka, unamimina, unarudi bado haijafunguka, ukiklik kitu inaganda na feni inanguruma kama mashine ya kusaga.

Fundi wa mtaani kila nikimwita dawa yake ni moja tu, kupiga Windows upya, elfu 25. Inakuwa nyepesi miezi miwili mitatu halafu inarudi pale pale. Mara ya mwisho ndo iliniumiza zaidi, kapiga bila kuniuliza na hesabu za kikoba zilikuwa humo, miezi mitano yote ikaondoka, nikakaa na daftari la wanachama 28 naanza kujaza mmoja mmoja usiku baada ya kazi. Hela ni za watu na mimi ndo mtunza hazina, kwahiyo sitaki hii kitu ijirudie.

Mazingira yetu: barabara ya vumbi, umeme unakatika na kurudi, kompyuta iko chini ya meza sebuleni imechomekwa eksitensheni moja na tv na friji. Naomba mnielekeze vitu ambavyo mimi mwenyewe naweza kufanya kila wiki au kila mwezi, kwa lugha ya kawaida, mimi sio fundi. Natanguliza shukrani.

fundi_bisibisi
Jumamosi, saa 4 asubuhi

Dada pole sana, hasa hilo la kikoba. Mimi nafanya kazi hizi Kariakoo mwaka wa tisa sasa, na fundi anayepiga Windows bila kuuliza data ziko wapi amekosea, hilo naliweka wazi kabla ya yote.

Sasa sikiliza. Kupiga Windows upya kunaleta wepesi kwa sababu kunafuta takataka na programu zinazojiwasha zenyewe, lakini hadi diski ni ile ile, vumbi ni lile lile, umeme ni ule ule, kwahiyo lazima tatizo lirudi. Usimwite mtu kwanza. Fanya hivi ukiwa umekaa tu kwenye kiti: iwashe, isubiri itulie, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, kama imekuja ndogo bonyeza More details pale chini. Angalia zile nguzo za CPU, Memory na Disk. Kama Disk inakaa asilimia 100 dakika kumi nzima na hujafungua kitu, basi hadi diski ndo inakuchelewesha, na kwa mashine ya umri huo mimi macho yangu yanaanzia hapo.

Pale pale kuna sehemu imeandikwa Startup, hiyo ni orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Kila usichokihitaji asubuhi klik kulia halafu Disable, hujakifuta, umekizuia kuamka tu, siku ukikitaka utakifungua mwenyewe. Ila vitu vya Windows Security, sauti na mausi viache.

Halafu kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, ipakue kwa walioitengeneza wenyewe usichukue kwenye visaiti vya kupakua kila kitu maana huko unaletewa na mizigo mingine. Inasoma afya ya hadi diski, ukiona bluu na Good uko salama kwa sasa, ukiona njano na Caution maana yake diski imeanza kuchoka, kuna vipande vyake imeshavitenga kwa sababu havisomeki. Ukiona njano USIFANYE kitu kingine chochote kabla hujatoa hesabu zako, usiscan, usidefragi (yaani kupanga upya vipande vya faili kwenye diski), usiite mtu apige Windows. Toa data kwanza.

Ukimaliza niletee majibu hapa.

mzee_wa_bando
Jumamosi, saa 5 asubuhi

Mimi nakushauri dada upakue programu za kusafisha rejista, pale Windows inapotunza setingi zake, ziko nyingi za bure, unaklik mara moja inakuonyesha makosa elfu moja na mia ngapi sijui, unafuta yote, mashine inakuwa kama mpya. Na defragi kila wiki usiache. Mimi nimetumia hivyo miaka mingi kwenye laptop yangu.

dada_hesabu
Jumamosi, saa 6 mchana

Mama kivule, mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo hapa Sinza, nimesoma ya kikoba nikaona nisipite bila kusema maana na mimi yalinikuta, picha za harusi ya marehemu dada yangu zilikuwa kwenye hadi diski moja tu na siku imekataa kuwaka ndo basi, mafundi watatu wameshindwa.

Kanuni ninayofuata tangu siku ile ni nakala tatu, kwenye vitu viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Kwako wewe sio kazi kubwa kwa sababu hesabu za kikoba ni faili dogo sana. Moja iko kwenye kompyuta, moja kwenye flashi ambayo ni ya kikoba TU, mtoto asiende nayo shule wala steshenari, na moja jitumie kwenye barua pepe yako au weka Google Drive, akaunti ya bure inakupa GB 15, hesabu za wanachama 28 hazitakaa ziijaze. Kila mkimaliza kikao, kabla hujasimama kwenye kiti, unasevu na kutuma. Na jina la faili weka tarehe, usiandike juu ya lile la zamani, ili siku ukigundua umekosea mwezi uliopita unarudi kwenye nakala ya mwezi uliopita.

Na jambo moja watu wanasahau, ifungue hiyo nakala mara moja moja uone kama inafunguka. Mimi nilikuwa na CD ya bekapu imekaa kabatini miaka, siku ya kuihitaji haisomeki.

fundi_bisibisi
Jumamosi, saa 7 mchana

@mzee_wa_bando mkuu naomba nikupinge kwa heshima kabisa. Zile programu za kusafisha rejista Microsoft wenyewe hawaziungi mkono, na nimeletewa mashine nyingi ambazo ziligoma kuwaka baada ya kufuta hayo makosa elfu moja, mengi yake sio makosa, ni mabaki madogo ambayo hayapunguzi kasi ya kitu chochote. Windows ina yake ya kusafisha, Disk Cleanup au Storage Sense kwenye setingi, inafuta faili za muda na kilichobaki kwenye ndoo ya taka, inatosha.

Defragi nayo, Windows inajifanyia yenyewe kwa ratiba ya kila wiki. Kama diski ni ile ya kuzunguka haina ubaya, kama ni SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka, haihitaji kabisa kupangwa, Windows ikitambua ni SSD inafanya kitu kingine kinaitwa TRIM, ya kuiambia diski sehemu zipi ziko wazi. Kulazimisha defragi kwenye SSD ni kuichosha bure kwa sababu idadi ya mara za kuandikwa ina kikomo.

mzee_wa_bando
Jumamosi, saa 7 mchana

Hapo kwenye SSD sikuwa najua mkuu, na yangu nilibadilisha mwaka juzi kwahiyo nimekuwa naidefragi muda wote. Nashukuru, naacha leo. Ngoja basi nichangie ninachokijua vizuri, bando. Dada kama unatumia intaneti ya simu, nenda kwenye setingi za mtandao uiweke hiyo wifi iwe Metered, Windows itapunguza kupakua apdeti kubwa bila kukuuliza. Ila usizizime apdeti kabisa, mara moja kwa mwezi toa hiyo alama usiku uiache ipakue, maana za usalama zinatoka Jumanne ya pili ya kila mwezi.

pwani_kigamboni
Jumamosi, saa 11 jioni

Salaam wadau. Mimi ni fundi umeme, niseme upande wangu maana naona kila mtu anaongelea ndani ya kompyuta na mimi nimeshtuka ile sehemu ya friji.

Dada, friji itoe kwenye hiyo eksitensheni leo leo. Mota ya friji kila inapostuka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, taa unaona zinapepesa, sasa kompyuta iliyo waya mmoja nayo inapata huo mtikisiko siku nzima. Friji iwe na soketi yake ya ukutani. Na umeme ukikatika nenda uchomoe kompyuta ukutani, ukirudi subiri dakika tano ndo uchomeke, kwa sababu mara nyingi unarudi na kuruka na kukatika tena, na ule wa kurudi ndo unaounguza pawa saplai. Halafu diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, faili lililokuwa linaandikwa linaharibika, ukipata bahati mbaya ni faili la Windows lenyewe, ndo unaona mtu anapigiwa Windows mpya kila baada ya muda mfupi.

Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu mwaka huu basi iwe UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, ile ya VA 650 inatosha kompyuta na skrini, sio ili uendelee kufanya kazi saa nzima, hapana, inakupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri. Usichomeke printa ya leza humo, inavuta sana ikipasha moto. Na betri ya UPS inachoka, kwa joto letu hili la Desemba mpaka Machi usishangae ikafa mapema kuliko miaka waliyoandika kwenye boksi, kwahiyo kila miezi mitatu fungua kazi isiyo na maana, chomoa UPS ukutani uone kama inashika.

Huku kwetu Kigamboni tuna na chumvi ya bahari, vyuma vinaota kutu mpaka skrubu za kava, wewe Kivule hilo huna ila vumbi unalo la kutosha. Inyanyue kutoka chini. Hata stuli. Vumbi la sakafuni ndo feni inavuta yote.

mama_kivule
Jumapili, saa 9 alasiri

Jamani Mungu awabariki. Jana sikulala mapema.

Kwanza friji nimeitoa. Task Manager nimefungua, Disk imekaa 100 muda mrefu mpaka nikaacha kuangalia. Startup nimekuta vitu 17 nimezuia 11, mengine ni ya gemu la mtoto na mengine sijui yalitoka wapi. CrystalDiskInfo ni NJANO imeandika Caution. Nilivyoona njano moyo ulipiga, nikaacha kila kitu nikatuma hesabu kwenye barua pepe na flashi mpya kama dada_hesabu alivyosema, na madaftari ya mwanangu pia.

Flashi ya mtoto sasa. Nimeichomeka nimekuta mafolda yake yote yamegeuka vile vialama vya mshale, ukifungua haifunguki. Anasema aliprintia steshenari karibu na shule wiki iliyopita. Notsi zake za Fizikia zote zilikuwa humo na ana mtihani. Zimefutika?

Na kusafisha vumbi nafanyaje bila kuharibu?

fundi_bisibisi
Jumapili, saa 10 jioni

Notsi zipo dada, mwambie asilie. Huyo ni vairasi wa shotikati, anaficha mafolda halisi halafu anaweka mishale, ukiklik mshale unakuwa umemwita aingie kwenye kompyuta yako. Kwahiyo msiklik tena. Kwanza fungua Windows Security, iko humo humo haiuzwi, iambie iscan hiyo flashi na baadaye Full scan ya kompyuta nzima. Halafu tafuta Command Prompt, angalia flashi yako ni herufi gani, kama ni E andika hivi na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter usubiri. Mafolda yatatokea yenyewe, nakili notsi kwenye kompyuta, kisha fomati flashi. Kuanzia leo akienda steshenari atume kazi kwa barua pepe, au abebe flashi yenye hilo faili moja la kuprinti na akirudi mnaiscan kabla ya kufungua chochote.

Vumbi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Itoe nje uani, usifanyie ndani kwenye zulia. Fungua kava la pembeni, gusa bati la boksi kabla hujagusa kitu kingine ili shoti ya mwilini iishie hapo. Tumia brashi ya rangi mpya laini na blowa ya mkono, na hapa ndo watu wengi wanakosea, shikilia feni kwa kidole au kijiti isizunguke wakati unapuliza, ikizungushwa na upepo kasi kubwa inaua beringi. Lile dude la bati lenye mapezi juu ya prosesa ndo lisafishe kwa subira zaidi, mapezi yakiziba joto halitoki, prosesa ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue, mnaona nzito kumbe inajiokoa. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya zulia, ina shoti. Usifute kwa kitambaa kibichi. Na pawa saplai usiifungue kabisa, ndani yake kuna umeme unabaki hata ukiwa umechomoa, ipulizie kwa nje tu.

Angalia na wadudu. Mende wanapenda joto la humo, na mjusi akiingia akakanyaga sehemu mbili kwa wakati mmoja anakufa na mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, inakufa naye, nimeshatoa wengi. Vile vibati vya nyuma visivyo na kadi vikiwa wazi vizibe.

Kuhusu njano: hiyo diski ibadilishe, usiitengeneze. Nunua SSD ya GB 240 au 256 na ongeza RAM iwe 8, mashine yako ni kizazi cha 4 inakula DDR3, zipo za mtumba nyingi, ulizia maduka matatu manne bei zinapishana. Hapo ndo kwa mara ya kwanza kupiga Windows kutakuwa na maana, kwa sababu ni kwenye diski mpya na data umeshatoa. Kaa hapo hapo pembeni ya fundi anavyofanya.

dada_hesabu
Jumapili, saa 12 jioni

Naongezea hapo kwenye Windows, maana mashine ya kizazi cha 4 haiko kwenye orodha ya Windows 11, wao Intel wanaanzia kizazi cha 8 na wanataka TPM 2.0, chipu ya usalama. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, ila waliweka mpango wa apdeti za usalama za mwaka mmoja zaidi kwa watu wa nyumbani, unajiunga kule kule kwenye setingi za Windows Update. Kuna watu watakupigia Windows 11 kwa kulazimisha, inawaka kweli, ila kwa mashine inayobeba hesabu za watu mimi nisingethubutu. Mwanao akipenda kujifunza mwambie aangalie Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, ni ya bure na mashine kama hii inaibeba vizuri, hesabu unaandika kwenye LibreOffice, programu za ofisi kama Word na Excel.

Na jingine, wewe na watoto msitumie akaunti moja. Tengeneza ya kwako yenye nywila, wao wape ya kawaida isiyo na ruhusa ya kuingiza programu. Zile 11 ulizozuia nusu yake zisingeingia.

mama_kivule
Jumamosi iliyofuata, saa 2 usiku

Wakuu nimerudi kuleta mrejesho, nisije nikachukua msaada nikapotea.

Notsi za Fizikia zilirudi zote, ile amri ya attrib ilifanya kazi, mtoto aliruka. Vumbi nilitoa nusu ya kikombe bila kutia chumvi na mayai ya mende nyuma ya feni. SSD ya GB 256 nimeweka na RAM 8, nilikaa na fundi mwingine hatua kwa hatua nikimuuliza kila anachobonyeza. Inawaka kabla sijavuta kiti. Feni haisikiki. UPS bado, nakusanya, mwezi ujao Mungu akipenda.

Maswali mawili ya mwisho. Kila nikichomoa ukutani usiku, asubuhi saa inarudi miaka ya nyuma na Chrome inakataa kufungua benki inasema saa sio sahihi. Na ile diski ya zamani naweza kuitumia kuhifadhia picha?

fundi_bisibisi
Jumamosi, saa 3 usiku

Safi sana dada, nimefurahi kweli.

Saa ni betri ya mazabodi imeisha, kile kiduara kama sarafu, kimeandikwa CR2032, volti 3, kinauzwa mpaka kwa mafundi saa. Chomoa umeme, sukuma kile kishikizo pembeni kinaruka, weka kipya maandishi yakiangalia juu, washa, weka tarehe.

Diski ya zamani hapana, usiweke kitu unachokipenda humo. Na usimpe mtu wa vyuma chakavu hivi hivi, hesabu za wanachama 28 bado zinasomeka ndani yake hata kama Windows ilipigwa juu. Ifungue, zile sahani zinazong'aa zikwaruze kwa msumari pande zote, zipige nyundo, ukivaa miwani maana nyingine ni za kioo, ndo utupe.